Kikulacho ki Nguoni Mwako

Ndugu msomaji, naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu likizo ya Agosti. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Adui yangu si timu pinzani. Adui yangu ni wenzangu!

Nilikuwa kwa mjomba, Buru Buru. Binamu yangu ana mchezo wa video wa magongo ya barafuni, mchezo unaopendwa mno kule Kanada. Kwa wasioufahamu, kila timu huwa na watu 6 uwanjani: mlinda lango na wenzake 5, wote wamevaa viatu vya kutelezea. Hawapigi mpira wa mviringo bali kisahani cheusi cha mpira mgumu. Katika mchezo wa video unamwongoza mchezaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Waliobaki huongozwa na kompyuta. Hapo ndipo balaa huanzia.

Kuna mstari wa buluu mbele ya eneo la wapinzani. Lazima kisahani kitangulie kuvuka. Mshambulizi akitangulia yeye, ameotea. Basi mimi nateleza na kisahani changu taratibu, nikitazama mwenzangu, huyo! Ameshavuka. Filimbi. Tunaanza tena, huyo! Filimbi. Nikimpa pasi akiwa peke yake mbele ya lango, badala ya kupiga ananirudishia mimi niliyezingirwa na majitu mawili. Jamani!

Siku moja tulikuwa tunaongoza 3-2, imebaki dakika moja. Mwenzangu akampiga mtama mtu ambaye hata hakuwa na kisahani. Adhabu, dakika 2 nje! Tukasawazishiwa, na katika muda wa nyongeza tukafungwa. Nani alichekwa? Mimi! Binamu yangu alijibwaga chini kwa kicheko, ati, "Dada, si timu ni yako?"

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima. Nakubali, hata mimi nina makosa yangu. Lakini jembe halikimbii shambani peke yake! Kompyuta hufuata maagizo iliyoandikiwa, haijui nia yangu. Mwenzako wa kweli hukutazama machoni, husikia ukimwita, na akikosea husema pole na kesho hujirekebisha. Huyu wa kompyuta leo anaotea, kesho anaotea pale pale. Kwa maoni yangu, watengenezaji wanang'arisha barafu na nyuso za mashabiki kupita kiasi. Heri wapunguze urembo, wampe mwenzangu akili, tena wamfundishe kusikia neno "ngoja".

Hasara yenyewe niliiona muhula wa tatu ulipoanza. Nilirudi katika timu yetu ya magongo, na katika mechi ya mazoezi sikumpa mtu pasi hata moja. Mazoea yana taabu! Nilishajifunza kuwa ukimpa mwenzako, umepoteza. Mshambulizi wetu alisimama peke yake mbele ya lango, akaniita kwa jina mara tatu. Nikapiga mwenyewe, nje! Mwalimu akanitoa. Baada ya mechi yule msichana alinijia pale benchi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwani mimi nimekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kwamba namlipiza makosa ya mtu asiyekuwapo?

Wapenzi wa michezo hii, sisemi tuiache. Nasema tucheze wawili upande mmoja, kila mtu na padi yake, ili tukiotea tuulizane na tukishinda tushangilie pamoja. Likizo ijayo binamu yangu hatakuwa mpinzani wangu, atakuwa mwenzangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na cha kompyuta, mimi nimeshakichoka. Hapa nakunja jamvi.