Safu Yetu: Bahasha iwe C5

 

Kuna jambo limezua ubishi kikaoni kuliko hata uchaguzi wa mwenyekiti, nalo ni bahasha. Wengi wenu jarida hili mnalisoma kwenye simu, lakini nakala za kuchapishwa tunazituma kwa posta kwa wazee wa jamii yetu: akina bibi, akina babu, na walimu waliostaafu. Hao ndio wasomaji wenyewe hasa. Husoma mpaka tangazo la mwisho, kisha hupiga simu kutusahihisha ngeli. Safari hii baadhi ya wenzetu wamependekeza bahasha ya mraba, sentimita 20 kila upande, yenye nakshi za kanga nje. Ni nzuri, hatukatai. Lakini sisi wa safu hii tunaipinga, na sababu tunazo.

Hapa Uingereza posta haiangalii uzito peke yake. Tangu Agosti 2006 bei ya Royal Mail hufuata pia ukubwa na unene. Barua ya kawaida haitakiwi kuzidi milimita 240 kwa 165, unene wake milimita 5, na uzito gramu 100. Ukizidisha kimoja tu, hata bahasha iwe nyepesi kama unyoya, inahesabiwa barua kubwa na stempu yake ni ya bei ya juu. Kwa hiyo ile ya mraba imeshavuka mpaka kabla hatujatia kitu ndani.

Sasa tazameni jarida letu. Likikamilika lina ukubwa wa A5. Bahasha ya C5 ni milimita 229 kwa 162, yaani inaingia katika kipimo cha barua ya kawaida kwa kubakiza milimita 3 tu upande mmoja. Ni kama imeshonwa kwa fundi. Uzito nao hauhitaji mizani. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 ya hiyo. Karatasi tunayotumia ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Gawanya kwa 16, karatasi moja ya A4 ni gramu 5. Jarida la kurasa 32 ni karatasi 8 zilizokunjwa, basi gramu 40. Ongeza jalada na bahasha yenyewe, bado 100 iko mbali. (Waliosema wanaosoma lugha hawajui hesabu, mko wapi?)

Wepesi huu haukuja kwa bahati. Vipimo hivi vya karatasi viliwekwa Ujerumani mwaka 1922, kwa kazi ya Walter Porstmann, kwa namna ambayo ukiikata karatasi katikati, nusu inabaki na umbo lile lile la nzima. Bahasha za C zikafuata: C4 hupokea A4 bila kuikunja, C5 ikikunjwa mara moja, C6 ikikunjwa mara mbili. Ile ndefu yenye dirisha, inayoleta bili, ni DL, nayo hupokea A4 iliyokunjwa sehemu tatu. Wenzetu wanaosoma Marekani wana vipimo vyao vingine kabisa, lakini hata huko bahasha ya mraba hutozwa nyongeza iwapo ndogo, kwa kuwa mashine za kuchambulia barua hazielewani nayo.

Mtasema tofauti ya stempu ni senti tu. Haya, ila mfuko wa klabu ndio huo huo unaolipia chai na ukumbi. Tena linalotuuma zaidi si mfuko. Stempu ikipungua, anayedaiwa ni mpokeaji. Mzee anaachiwa kadi mlangoni: kuna barua yako, lipa kwanza ndipo uipate. Hebu fikirini bibi wa miaka themanini, baridi ya Januari, anaambiwa alipie zawadi aliyotumiwa na wajukuu. Wengine watalipa na wasituambie, kwa kutustahi. Hapo ndipo aibu ilipo.

Tunajua hoja ya upande wa pili ina uzito. Wazazi wetu wamehifadhi barua za zamani kutoka nyumbani, zile za ndege zenye mistari myekundu na ya buluu pembeni, na baadhi zilitiwa asumini au karafuu ndani. Bahasha hizo zilipendwa kabla hazijafunguliwa. Lakini zitazameni vizuri: nyingi zina umbo moja na ukubwa mmoja. Kilichozitofautisha ni mwandiko na kilichokuwemo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Nje ibaki nyeupe, anwani isomeke na mashine na mtu wa posta. Nakshi ya kanga ichapwe kwenye karatasi nyembamba ibandikwe ndani, na jina la kanga liandikwe chini ya kifuniko, ili mzee alisome anapofungua. Kuchagua jina hilo tuwaachie wa mwaka wa kwanza, wapate sababu ya kuwapigia bibi zao simu. Na tukishika C5 kwa matoleo yote, bahasha zitakazobaki muhula huu zitatumika muhula ujao, na stempu tutanunua za aina moja bila kusimama foleni kupima kila nakala.

Wenye anwani za wazee wapya wazifikishe kwa katibu kabla ya Ijumaa, kwa herufi kubwa, pamoja na postikodi kamili. Anayetaka kutia asumini aikaushe na kuibana kitabuni kwanza. Karafuu, samahanini, mwisho punje mbili, tena zilazwe. Milimita ni 5.