Sare ya Sherehe na Ujira wa Fundi

Dada yangu ana chumba cha ushonaji mjini Mwanza. Ana vyerehani vinne, mafundi watatu na lebo yake ndogo anayoishona ndani ya kola. Alipoanza alijiwekea masharti: mafundi walipwe kila Jumamosi, kazi ikome saa kumi na mbili jioni, mitindo iwe michache, na nguo ikifumuka mshono irekebishwe bure. Kwa masharti hayo hawezi kushona kwa haraka, wala hawezi kuuza kwa bei ya kutupa.

Mwaka jana nusura afunge. Waliomfikisha hapo si wauza mitumba. Ni kikundi cha kanisa. Waliagiza sare arobaini zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya sherehe. Wakaomba punguzo kwa sababu ni kazi ya Mungu. Wakatanguliza fedha kidogo, wakachukua sare zote, na salio likamalizika baada ya miezi minne. Muda huo wote dada alikopa kwenye kikoba ili mafundi wasirudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya sherehe sare zilipendeza kweli, nasi tukazisifu.

Tunapozungumzia dhuluma katika mavazi, mara nyingi tunatazama mbali. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini, maana oda zilikuwa zinasubiriwa. Wiki moja baadaye, Papa Fransisko alizungumzia ujira wa yuro 38 kwa mwezi waliokuwa wakilipwa, akauita utumwa.

Hakuna aliyekufa katika chumba cha dada yangu, na sitaki kulinganisha misiba. Lakini chanzo kinafanana: mnunuzi anataka haraka, anataka bei ya chini, na anayebeba mzigo ni aliyekaa nyuma ya cherehani. Mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Lazima umwezeshe mfanyakazi kuishi. Kwa hiyo, fundi kukubali punguzo letu hakutuondolei wajibu.

Wapo watakaosema waamini wetu ni maskini. Ni kweli, na mama anayemtafutia mwanawe sweta ya mtumba simlaumu hata kidogo. Lakini sare ni jambo jingine. Nani ametulazimisha kuwa na sare mpya kila jubilei na kila upadrisho? Sare moja iliyoshonwa vizuri, ikivaliwa miaka mitano, yaweza kutugharimu kidogo kuliko tano za bei ya chini.

Wenye biashara nao wasijifiche nyuma ya maneno mazuri. Lebo ya haki haina maana ikiwa binti anayejifunza kazi anashona mwaka mzima kwa kupewa nauli tu.

Sisi tunaoandaliwa kuwa mapadre ndio tutakaoidhinisha oda hizi kesho. Napendekeza tuanze na mambo matatu: tuagize angalau miezi miwili kabla, tulipe nusu siku ya vipimo, na tumalize salio siku ya kuchukua nguo. Kama fedha haijapatikana, tuvae sare ya zamani.

Kanzu na alba tutakazovaa siku ya upadrisho wetu zitashonwa na mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha. Siku ya kujaribu vazi lako, ndugu frateri, kabla ya kuuliza kama limekukaa vizuri, uliza kwanza kama fundi amelipwa.