Hadi diski ya zamani usimwachie fundi

Laptopu yangu ilikuwa imegoma. Ni ile ile ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011, niliyoinunua ya mtumba nikiwa chuoni na ambayo wenzangu ofisini wanaiita tofali. (Najua wataalamu wetu wa lugha wanataka tuseme kompyuta mpakato. Tutafika tu.) Ilifikia hatua naiwasha, naenda kuoga, nakunywa chai, nikirudi bado inajifikiria. Siku moja iliganda nikiwa na aya mbili za mwisho na mhariri yuko kwenye simu. Sitasema alichoniambia.

Nikaanza kuulizia bei za laptopu mpya. Jamani! Kwa sisi tunaolipwa kwa stori, bei zile ni matusi. Bahati nzuri rafiki yangu mmoja anayejua mambo haya akanicheka: "Wewe, iliyozeeka siyo laptopu, ni hadi diski."

Na alikuwa sahihi. Ndani ya hadi diski za zamani kuna sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kutafuta kila kipande cha faili. Kila safari ya mkono huo ni kama sehemu ya mia ya sekunde. Unaona ni kidogo, lakini kuwasha kompyuta ni maelfu ya safari hizo. SSD haina kinachozunguka, inafanya kazi kwa chipu kama fleshi, na inakipata kitu hicho hicho mara nyingi zaidi ya mia kwa haraka. Prosesa ya mwaka 2011 bado inaandika habari vizuri tu. Mimi sihariri filamu. Kinachonichelewesha ni ule mkono.

Basi Jumamosi nikaenda Kariakoo. SSD ya GB 240 nikaipata kwa Sh 85,000, ufundi Sh 10,000. Fundi akafungua skrubu moja tu, akachomoa ya zamani, akapachika mpya, kwisha. (Kama yako ni nyembamba sana angalia kwanza: nyingine diski yake haichomoki kabisa, na za zamani zina unene wa milimita 9.5 wakati SSD nyingi ni 7.) Kwa kuwa Windows 10 iliachwa rasmi na wenyewe Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiitaki mashine ya umri huu, nikamwomba aniwekee Ubuntu. Ikawaka kabla sijamaliza soda. Nilitamani kuimba.

Hapo ndipo fundi akaniambia: "Kaka, hii ya zamani huihitaji tena, si ndiyo? Niachie, nakurudishia elfu kumi na tano. Kuna mteja wangu ana stesheneri, itamfaa."

Nikanyoosha mkono kupokea. Sh 15,000 kwa kitu ninachokwenda kukitupa! Nikamwambia aichukue tu, mafaili yangu nilishahamisha, na mengine nilishafuta zamani.

Fundi akacheka. "Umefuta?" Akaichomeka kwenye mashine yake kwa waya wa USB, akafungua programu ya bure, tukaendelea kupiga soga. Baada ya kama dakika ishirini orodha ikaanza kushuka kwenye skrini. Picha za mahafali. Barua za kuomba kazi. Picha za sherehe ya kuzaliwa ya mtoto nisiyemjua, bila shaka za mwenye laptopu kabla yangu, huko ilikotoka. Halafu nikaona faili la sauti ambalo jina lake ni jina la mama mmoja muuguzi.

Mama huyo alinieleza mwaka juzi jinsi dawa zinavyopotea katika zahanati anakofanya kazi. Nilimwahidi hakuna atakayejua. Gazetini jina lake halikutoka, wala la zahanati. Usiku ule ule habari ilipotoka nilifuta mazungumzo yale, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, nikalala usingizi wa mtu mwema. Na faili lenyewe nililipa jina lake! Nani aliyenifundisha uandishi?

Fundi akabofya, sauti yake ikaanza kutoka kwenye spika, pale pale barazani, watu wanapita. Nikamshika mkono azime.

Ukifuta faili kwenye diski ya aina ile, kompyuta hufuta kumbukumbu kwamba faili liko wapi. Lenyewe linabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hata kufomati kwa haraka ni hivyo hivyo. Hili si jipya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Marekani, walichapisha matokeo baada ya kununua hadi diski 158 za mtumba. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Na Julai 2013 gazeti la The Guardian la London, likibanwa na serikali kuhusu nyaraka za Snowden, lilisaga diski zake kwa mashine huku maofisa wa GCHQ wakitazama. Wale hawakuridhika na kufuta.

Simlaumu fundi. Yeye ndiye aliyenifumbua macho, na angeweza kunyamaza. Ninaowalaumu, ukiacha mimi mwenyewe, ni mabosi wetu. Vyumba vya habari vinatutaka tuje na laptopu zetu, vinatukumbusha kila semina kwamba chanzo cha habari hakitajwi, lakini sijawahi kuulizwa hata siku moja diski yangu ya zamani imekwenda wapi. Tumeandika kurasa nzima kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kana kwamba inawahusu watu wa benki na simu peke yao.

Kama diski yako bado nzima na unataka kuiuza, chagua kufomati kikamilifu, siyo kwa haraka. Tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sifuri kila mahali. Itachukua saa kadhaa, iache ikae. Kama ina hitilafu usiiamini, ivunje. Na hiyo mpya ifunge diski nzima kwa nywila tangu siku ya kwanza, Ubuntu inakuuliza wakati wa kuiweka.

Mimi niliirudisha yangu nyumbani kwenye mfuko wa rambo, nikaifunga kwa kanga kuukuu na kuigonga kwa nyundo uani. Sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo, kwa hiyo usigonge bila kitambaa. Mtoto wa mwenye nyumba akaniuliza navunja nini. Nikamwambia redio.

Yule mama sijampigia bado. Namba yake ninayo.