Makofi Hayalipi Deni

Nimechoka na stori za kufeli. Sisemi watu wasizisimulie. Kinachonichosha ni namna tunavyozisimulia siku hizi, hasa sisi tunaouza vitu, na humo wamo pia waandishi wanaouza vitabu vyao wenyewe kama mimi.

Stori yenyewe mnaijua. Mtu anapewa kipaza sauti. Alianza na mtaji wa kuokoteza, akatapeliwa, akafilisika, ndugu wakamkimbia. Hapo sauti inakatika kidogo. Kisha akainuka, na leo ana maduka matatu na kitabu kinachouzwa pale mlangoni, sh 20,000 tu. Watu wanafuta machozi, wanapanga foleni. Washauri wa biashara nao wanatuambia bila kuficha: simulia majeraha yako, wateja watakuamini. Kule San Francisco walianzisha hadi mkutano wa kuzungumzia kufeli peke yake, FailCon, mwaka 2009. Huku kwetu siku hizi hakuna semina ya ujasiriamali isiyo na mtu wa kulia jukwaani.

Mimi nasema hivi: anguko linalosimuliwa baada ya ushindi ni tangazo la biashara. Linaweza kuwa la kweli neno kwa neno, na bado likabaki tangazo. Ukweli unaojenga imani ni ule unaomfikia mtu mwenye pesa yake mkononi mwako, mapema, wakati bado anaweza kufanya kitu.

Siyasemi haya kwa kuwa mimi ni mwema. Nayasema kwa sababu niliharibu.

Mwaka 2019 niliamua kuchapa mkusanyiko wa hadithi zangu fupi, nakala 500. Watu 140 walinitumia pesa kwa simu kabla kitabu hakijatoka, sh 15,000 kila mmoja. Hiyo ni sh 2,100,000, na yote iliishia kwenye uchapaji. Karatasi nilichukua kwa mzee mmoja Kariakoo kwa mali kauli. Kwa wasioijua Kariakoo, mali kauli ni kubeba mzigo leo kwa neno lako tu. Ukiuza, unaleta pesa. Hakuna hati ya nyumba, hakuna mdhamini. Neno lako ndilo dhamana. Deni lilikuwa sh 1,800,000, na tarehe ya kulipa niliitaja mwenyewe.

Kupanga kurasa nilipanga mwenyewe pia, eti nabana matumizi. Nikapewa nakala ya kukagua, nikafungua kurasa za mwanzo, nikasaini. Mzigo ulipokuja, ukurasa wa 97 hadi wa 112 ulikuwa umejirudia, na kurasa 16 zilizopaswa kufuata hazikuwemo. Hadithi moja ilikatika katikati, nyingine haikuwa na kichwa. Kosa langu, saini yangu.

Unadhani nilifanya nini? Nilinyamaza. Wiki tatu nzima wasomaji wakiuliza nawajibu, “mzigo uko njiani.” Tarehe ya mzee ikafika, ikapita. Nikawa nakwepa hata kupita mtaa wake. Nilipokwenda hatimaye, habari ilikuwa imeshamfikia kwa watu wengine.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kumbe upo?”

Nikamweleza kila kitu, hadi ile saini. Alinisikiliza bila kunikatisha. Halafu akasema, “Hasara ni sehemu ya biashara, mwanangu, hata mimi zimenipata. Lakini na mimi nina mtu ananidai. Nilimpa tarehe kwa sababu wewe ulinipa tarehe. Ungeniambia siku ile ile, ningemwomba muda mapema. Sasa umenifanya na mimi mwongo.”

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye semina yoyote. Ukweli una muda wake wa kuisha, kama maziwa. Nilimpelekea mzee ukweli mtupu, bila kuongeza wala kupunguza, ila nilimpelekea umeshachacha.

Wasomaji nao niliwaandikia jioni ile ile. Watu 11 walitaka pesa yao, nikaanza kuwarudishia. Waliobaki walikubali kusubiri kijitabu cha zile kurasa 16. Hakuna aliyenisifu kwa ujasiri. Mwalimu mmoja alijibu kwa mstari mmoja tu: kwa nini wiki zote hizo ulisema uko njiani?

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye mkusanyiko wa wajasiriamali vijana, nikazungumzie “somo nililojifunza”. Nikasimulia yote: kurasa zilizojirudia, ile saini, hadi maneno ya mzee. Sauti ikakatika mahali pake. Ukumbi ukasimama. Nikauza nakala 30 siku ile, kila moja na kijitabu chake ndani.

Usiku, nikiwa nahesabu pesa, nikakumbuka kwamba mzee bado ananidai sh 600,000.

Yaani nilipigiwa makofi kwa deni ambalo sijalimaliza. Watu wasionidai hata senti walisikia habari zangu kwa kirefu, na anayenidai alikuwa dukani kwake anasubiri. Majeraha niliyoyauza pale jukwaani nusu yake yalikuwa ya mzee, na yeye hakupewa hata nauli.

Ndiyo maana nikisikia watu wakitaja “mficha maradhi kifo humuumbua” ili kuhalalisha maonyesho haya, nakasirika. Methali inasema usifiche. Haikusema ukatandaze maradhi sokoni. Maradhi anaonyeshwa tabibu, na hasara anaambiwa mwenye mali.

Tuje kwenye vitabu, maana hapa ndipo nyumbani kwetu. Wapenzi wa Shaaban Robert wengi huanza na *Maisha Yangu*. Mimi siku hizi navutwa zaidi na barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, alizozihariri Mulokozi. Mwandishi wa tawasifu anatazama nyuma, anajua alikofika. Mwandishi wa barua hajui kesho italeta nini. Anamwandikia mtu mmoja, mwenye jina, anayeweza kumjibu. Barua inaweza kukugharimu. Hotuba ya kufeli inakulipa.

Kwenye biashara kubwa pia utaukuta mfano. Warren Buffett, Mmarekani, mwaka 1993 aliinunua kampuni ya viatu ya Dexter kwa hisa za Berkshire Hathaway zenye thamani ya dola milioni 433. Viatu vikaanguka. Katika barua yake ya mwaka 2007 aliwaambia wanahisa kwamba huo ndio ununuzi mbaya kuliko yote aliyokuwa amefanya hadi wakati huo, na kwamba kwa kulipa kwa hisa aliwatia hasara ya dola bilioni 3.5. Mtasema tajiri hana cha kupoteza, na ni kweli kwa kiasi. Lakini tazama aliongea na nani: wenye pesa. Na alitaja tarakimu, hakutaja machozi.

Najua mtakavyonijibu. Mteja akijua una shida, atakimbia. Ndiyo, wengine watakimbia. Kwangu walikimbia 11, na walikuwa na haki. Uwazi ambao haumwachii mtu mlango wa kuondokea ni mtego. Na sisemi umweleze kila mtu kila kitu. Ndoa yako, ugonjwa wako, usiku uliolia, hayo si mali ya mteja, na anayekushauri uyageuze bidhaa hakutakii mema. Siri ya nyumbani ni yako. Siri ya mzigo ni ya mwenye pesa.

Kwa hiyo kabla hujapanda jukwaani na anguko lako, jiulize maswali mawili. Waliolipia anguko hilo wameambiwa kabla ya ukumbi? Wamelipwa? Kama bado, shuka, kapige simu.

Mzee wangu nilimaliza kumlipa miezi minne baada ya yale makofi. Alihesabu noti mara mbili, akafuta jina langu kwenye daftari, akaniuliza kama nahitaji karatasi za kitabu kingine. Nikasema nahitaji, tena nyingi.

“Karibu sana,” akasema. “Ila safari hii taslimu.”