Mkitaka Tuwe Kama Wakristo wa Kwanza

Sisi waumini wa Kasesya, wa madhehebu mchanganyiko kama kawaida ya watu wa mpakani, tumechoka kuambiwa turudi kwa Wakristo wa kwanza. Si kwamba hatutaki. Tunataka sana. Kinachotuchosha ni kurudishwa nusunusu. Kila Kwaresima, kila semina, kila mkesha, anasimama mtu mbele na kutueleza kwamba imani imepoa na kwamba dawa yake ni kuishi kama walivyoishi wale wa Yerusalemu kwenye Matendo ya Mitume. Tunapewa mfungo. Tunapewa mkesha wa usiku kucha. Tunapewa sala ya alfajiri. Halafu zinagawiwa bahasha.

Mfungo hautushindi. Mwezi wa pili huku Ufipa, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala limebaki vumbi, wako wengi wanaofunga bila kutangaziwa. Na ni kweli wale wa kwanza walifunga. Didake, kijitabu cha mafundisho ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, kinataja hata siku zenyewe, Jumatano na Ijumaa, pamoja na Baba Yetu mara tatu kwa siku. Hayo tunahubiriwa. Ila kijitabu hichohicho kina maagizo kuhusu mitume na manabii wanaotembea, na hayo hatujayasikia mimbarini. Mtume akifika apokewe vizuri, alale siku moja, ikilazimu mbili. Akifikisha ya tatu, ni wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala, na akiomba fedha, basi naye ni wa uongo.

Sasa tuhesabiane. Hawa wanaotufikia na hema na spika zinazotikisa mabati, wanakaa wiki ngapi? Lipa namba imebandikwa kwenye nguzo ya hema kabla hata kiti hakijapangwa. Anayeumwa mgongo apande mbegu, asiyezaa apande mbegu, mwenye deni la mbolea naye apande mbegu, tena hiyo kubwa zaidi. Madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao forodhani wananunua maji ya upako kwa sababu wamechoka na hawana kingine cha kufanya. Mavuno ya upande huu yakipungua hema linang'olewa, linavuka kwenda Zombe upande wa Zambia, na bei zinasomwa kwa kwacha.

Wenye makanisa ya matofali wasicheke. Kwao kuna zaka, kuna mavuno, kuna mchango wa ujenzi, kuna sare za kwaya, kuna zawadi ya jubilei ya kiongozi fulani tuliyemwona mara moja, na ibada ikiisha kuna mnada wa kuku na madebe ya maharage ambao unachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Hatupingi kutoa. Paa la kanisa halijiezeki lenyewe. Tunachouliza ni kwa nini kila kitu kimegeuka risiti.

Chukueni jumuiya. Katikati ya miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa nchi zetu hizi, Zambia ikiwemo, waliokutana kupitia AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ndizo ziwe msingi wa Kanisa. Uamuzi ulikuwa mzuri, na ulitazama hukohuko kwa Wakristo wa kwanza waliokutana majumbani: nyumba chache, jirani kwa jirani, Neno linasomwa, inajulikana nani anaumwa na nani hajapika tangu jana. Leo Injili inapita mbio, kisha linafunguliwa daftari na kuanza kusomwa majina. Fulani hajamaliza ujenzi. Fulani hajaanza mavuno. Ukidaiwa, barua ya kubatiza mtoto inangoja. Ukifa ndiyo balaa: maiti iko ndani na watu uani wanaulizana kama marehemu alikuwa anashiriki.

(Na hao wenzetu wanaoikumbuka jumuiya wakiwa na ndoa au msiba tu, tunawanung'unikia vilevile. Wasidhani wamesahaulika.)

Wale wa kwanza nao walikuwa na mfuko. Tertuliano wa Karthago, akiandika mwishoni mwa karne ya pili, anaeleza ulivyoendeshwa: mtu alitoa kidogo mara moja kwa mwezi, akipenda na akiweza, bila kulazimishwa. Fedha hiyo haikuliwa kwenye karamu. Ililisha maskini na kuwazika, ikatunza yatima, wazee, waliovunjikiwa na meli, na waliofungwa kwa ajili ya imani. Kabla yake, Justino kule Roma, katikati ya karne hiyo, anaandika karibu yaleyale na kuongeza wagonjwa na wageni. Wageni! Kasesya nzima ni wageni. Kuna dereva aliyeharibikiwa gari na kuishiwa nauli, kuna mama aliyerudishwa getini akiwa na watoto wawili na mzigo. Wanalala barazani kwa muuza chai. Hatujasikia kamati ya mgeni.

Karthago si mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, alifanywa Askofu Mkuu wa Karthago hiyohiyo mwaka 1884, na mwaka uliofuata mapadre wake wakakabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Imani ya sehemu kubwa ya Ufipa ilipanda kutoka huko ziwani. Na huyu mzee hakuishia kuwasifu Wakristo wa kwanza. Aliurudisha ukatekumeni wao: miaka minne ya kujiandaa kabla ya kubatizwa, hatua kwa hatua, bila haraka hata kama takwimu zingependeza zikipanda. Siku hizi mtoto anakaririshwa maswali na majibu, anapigwa picha na keki, na Jumapili ya pili haonekani. Halafu tunaulizwa mbona vijana hawana mizizi.

Karema hiyohiyo ilikuwa na Adriano Atiman. Alitekwa utotoni huko ambako sasa ni Mali, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga Malta, kisha akaja kuwa katekista na mganga wa watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa mtu kama huyo, sala na kumfunga mgonjwa kidonda vilikuwa kazi moja. Makatekista wa aina hiyo tunao hata leo, msituambie wameisha. Yuko anayekwenda kigango kimoja hadi kingine kwa baiskeli aliyoinunua mwenyewe. Padre asipofika, ndiye anayeongoza ibada. Ndiye anayezika, ndiye anayefundisha watoto, ndiye anayeitwa usiku ndoa ikigombana. Mvua za mwaka huu zimemvujia ndani. Katika daftari lile lenye mistari ya kila aina ya mchango, jina lake limo kwenye orodha ya wadaiwa.

Kwa hiyo mkituhubiria tena Wakristo wa kwanza, leteni mkataba mzima. Tutafunga Jumatano na Ijumaa. Tutaamka alfajiri kuimba, baridi ya Ufipa tumeizoea. Lakini nabii alale siku mbili aende zake, bahasha isiandikwe jina, na mara moja kwa mwezi itangazwe ni kiasi gani kimefika kwa wajane, kwa wagonjwa na kwa wageni.

Mama mmoja muuza dagaa alishalisema hilo la wajane kikaoni, kwa adabu zote, amesimama na kitenge kimefungwa vizuri. Mwenyekiti akamshukuru. Akasema hoja ni nzito, ipelekwe kamati tendaji, na kamati tendaji itakaa baada ya harambee ya spika.