Notepad ya saiba na fonti ya mtu mwingine

Leo nina lalamiko dogo, na najua wengine mtacheka. Ni kuhusu fonti ya Notepad.

Juzi dada mmoja ninayemfundisha HTML aliniita nimsaidie. Alikuwa kwenye saiba hapa Kakamega mjini, analipa shilingi moja kwa dakika. Alitaka picha moja tu itokee kwenye ukurasa wake, nayo ilikuwa imekataa kwa saa nzima. Jina la faili lilikuwa sahihi na folda ni ileile. Nilipofika akaniambia, "Mwalimu, labda hii kazi si ya watu kama mimi."

Nikatazama kioo. Notepad ilikuwa inaonyesha maandishi kwa Arial. Nikabadilisha kuwa Consolas, na kosa likajitokeza lenyewe. Kabla na baada ya jina la picha, badala ya alama ya mtajo, alikuwa amebonyeza ritifaa mara mbili, ile ya ng'ombe. Kibodi ilikuwa ya mpangilio wa Uingereza, alama ya mtajo iko juu ya 2, hakuiona.

Kwenye Arial ritifaa ni nyembamba, na mbili zikikaa pamoja huwezi kuzitofautisha na alama moja ya mtajo. Consolas huipa kila herufi upana sawa, kama taipureta, kwa hiyo mbili zinaonekana mbili. Kivinjari nacho hakikumsaidia. Kiliona ritifaa mbili zisizo na kitu katikati, kikaamua picha haina jina, kikanyamaza. Shilingi sitini zikaenda.

Sasa Arial ilitoka wapi? Si Microsoft. Notepad ya Windows 95 ilitumia Fixedsys, ya XP ikatumia Lucida Console, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ni Consolas. Zote tatu zina herufi za upana sawa, na hapo nawapongeza. Tatizo ni kwamba fonti haihifadhiwi ndani ya faili. Inahifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji. Saiba nyingi zina akaunti moja kwa wateja wote. Mteja wa asubuhi akipenda Arial, wa jioni anairithi bila kujua.

Kuna watakaosema fonti ni urembo tu. Kwa barua, sawa. Kwa kodi, fonti ndiyo miwani yako. Wengine watasema apakue programu bora ya kuandikia kodi. Kwenye mashine ya kukodi, ambayo huruhusiwi kusakinisha chochote? Notepad ndiyo iliyopo kwenye kila Windows, na ndiyo wengi wanaanzia.

Sisi tunaotengeneza programu tuna la kujifunza hapa. Tunadhani kila kompyuta ina mwenyewe. Huku kwetu kompyuta moja inaweza kuwa na wenyewe ishirini kwa siku. Ukimruhusu mtu abadilishe mpangilio, weka na kitufe cha kurudisha ulivyokuwa, kionekane, kwa mbofyo mmoja. Yule dada asingeweza kurudisha Consolas, kwa sababu hakuwahi kujua kuwa ilikuwepo.

Kama una saiba, nakuomba dakika moja kwa kila mashine kabla ya kufungua mlango. Kwenye Windows 10 fungua Notepad, nenda Format, halafu Font, chagua Consolas. Kwenye Windows 11 utaipata kwenye mipangilio ya Notepad yenyewe. Kama unafundisha, fanya hivyo kabla ya kumwandikia mwanafunzi mstari wa kwanza. Halafu mwonyeshe jinsi ya kufanya mwenyewe, maana kesho atakaa kwenye mashine nyingine.

Picha ilitokea. Dada alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo saa nzima mimi sikuwa mjinga?"

Hapana, hukuwa.