Nani Atapanda Mnara?

Karibu kila makala iliyonifikia kwa toleo hili ilikuja na jedwali la kasi: setilaiti megabiti kadhaa, 4G kadhaa, Wi-Fi ya masafa marefu kadhaa. Ubishi huu umenichosha. Kijijini mtandao haufi kwa kukosa kasi. Unafia kwenye betri iliyovimba, kwenye waya ulioingia maji, kwenye matawi.

Nataja matawi kwa sababu niliyaona. Shule moja ilifungiwa antena ya gigahezi 5 wakati wa kiangazi, ikitazamana na mnara wa kilimani. Masika yalipoingia, mbuyu uliosimama katikati ukavaa majani, na mawimbi ya masafa hayo hupenya majani mabichi kwa shida. Walimu wakaandika barua. Fundi alitoka mjini baada ya miezi miwili, akainua antena mita tatu, akarudi zake. Kazi ya saa moja! Kijana anayechaji simu hatua chache kutoka getini angeiweza, ila hakuna aliyemfundisha wala kumruhusu kugusa nguzo ile.

Wapenzi wa masafa ya televisheni yasiyotumika wataniambia mbuyu usingewasumbua. Ni kweli, mawimbi yao hupenya majani vizuri zaidi. Lakini vifaa vyao ni adimu na ghali, na spea haipatikani katika duka lolote la wilayani. Wi-Fi ya kawaida inapatikana.

Ndiyo maana nimeipa nafasi kubwa makala ya Mankosi, Afrika Kusini, ambako ushirika wa Zenzeleni, uliosajiliwa 2014, uliweka vituo vya Wi-Fi vya sola kwenye nyumba za wanakijiji, na umeme uleule ukachaji simu za majirani kwa malipo. Linganisha na maputo ya intaneti ya Loon. Yalianza kutoa huduma Kenya Julai 2020, yakielea kilomita 20 angani. Januari 2021 Alphabet, kampuni mama ya Google iliyoyamiliki, ikatangaza kuyafunga, na Iten, mji mmojawapo yaliouhudumia, hapakuwa na wa kuyashika.

Makala ya setilaiti za Starlink imeandikwa vizuri. Ile ya 4G inafaa kwa watunga sera.

Tangu 2021 Kenya ina leseni mahususi kwa mitandao ya jamii, kwa hiyo kisingizio cha sheria kimepungua. Atakayeniletea jedwali kwa toleo lijalo aongeze safu moja kabla ya ile ya kasi: kifaa kikizima usiku, fundi wake amelala kijiji gani?